Mradi wa programu umekwama, bosi anataka kuongeza watu. Naombeni ushauri

Wakuu, heshima kwenu. Tuko watano, tunatengeneza mfumo wa stoo kwa mtindo wa maporomoko: tulikusanya mahitaji, mteja akasaini kurasa 80, tukajifungia miezi sita kuandika kodi za programu. Juzi tumewaonyesha. Karani wa stoo kaangalia dakika mbili, akauliza, "Nusu katoni naandika wapi?" Fildi ya idadi inapokea namba kamili tu! Na hilo ni moja kati ya mengi. Sasa bosi anataka kuleta madevelopa wanne wapya tumalize mwezi huu. Kosa ni mtindo, au sisi?

Fundi_Mkimya: Pole mkuu. Hao wanne wakataeni mapema. Fred Brooks, aliyesimamia OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Piga hesabu: watu watano wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili, tisa wana 36. Na atakayewafundisha wageni ni nani? Ni nyinyi hao hao mlioelemewa.

Kodi Usiku: Hameni kwenye maporomoko, njooni ajaili: mnatengeneza kipande kidogo kidogo, mteja anakiona mara kwa mara. Mambo ya 1970 hayo.

BibiSeva: @Kodi Usiku taratibu. Winston Royce, mtaalamu wa programu, mwaka huo huo wa 1970 alichora hatua hizo za maporomoko, kisha akaonya kuwa kuzifuata hivyo ni hatari. Majaribio yakija mwishoni, kosa la msingi nalo linaonekana mwishoni. Watu wakabeba mchoro, onyo wakaliacha. Kwetu tulihamia ajaili, kilichobadilika ni kikao kifupi cha kusimama kila asubuhi, basi. Mteja tulimuona tena siku ya kukabidhi.
Mleta uzi, swali langu: huyo karani alihojiwa lini?

Mleta uzi: @BibiSeva hapo umenishika. Hakuhojiwa. Tulikaa na meneja wake tu.

BibiSeva: Basi kakae naye stoo siku mbili. Chukueni kazi moja, kupokea mzigo, muimalize, aitumie yeye mwenyewe ndani ya wiki mbili. Zile kurasa 80 ziacheni kwanza.

Mleta uzi: Nimetoka huko leo. Kumbe katoni zilizopasuka ana daftari lake pembeni, meneja hata halijui. Bosi bado anang'ang'ania wanne wake. Nimemtumia hesabu ya 36, kasoma, kimya.