Naomba ushauri: kozi ya utafiti wa uraibu kwa muuguzi wa kliniki ya methadoni

Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi, nipo kliniki ya methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) Dar es Salaam. Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, na wengi wetu tumejifunzia humohumo kazini.

Kinachoniumiza ni hiki: kijana anakunywa dozi mbele yangu kila asubuhi, arosto (mateso ya kukosa heroini) imekwisha, uso umerudi, halafu ghafla haonekani tena. Mwingine anarudi akiwa anachanganya na valiamu au pombe, hatari kubwa, maana vyote hivyo vinadidimiza upumuaji. Kumbukumbu zimejaa kwenye mafaili na hakuna anayezichambua. Nataka kujifunza utafiti wenyewe, siyo semina ya siku mbili na cheti.

Mtaala wa UTC wa Colombo Plan (mafunzo ya kimataifa kwa wanaotibu uraibu) nimeuangalia, ila umeegemea zaidi matibabu na unasihi. Mliosoma uzamili wa masuala ya uraibu kwa mtandao, mliwezaje na zamu za usiku? Au nianze na epidemiolojia na takwimu hapa MUHAS (chuo kikuu cha afya Muhimbili), uraibu ufuate? Na pointi za mafunzo endelevu, baraza la wauguzi linazikubali za kozi za nje? Ada najilipia mwenyewe, hivyo naomba aliyepita njia hii anieleze bila kunificha.