Mvua ya usiku, grupu la familia, na simu hazipatikani. Nyie mnafanyaje?

mamaD_pasua
Wadau habari za asubuhi. Mimi niko Moshi mjini, wazee wangu wako kule Mabogini bondeni. Wiki iliyopita mvua imenyesha usiku kucha, saa nane nampigia baba hapatikani, mama inaita mara moja inakatika, naingia grupu la familia nakuta meseji mia na kitu, shangazi wa Dar anauliza, binamu wa Mwanza anauliza, yani kila mtu anauliza hakuna anayejibu, halafu mmoja katupia video ya daraja linasombwa eti ni huku kwetu. Watu wakaanza kulia kwenye voisi. Kumbe video ya zamani na wala sio Kilimanjaro.

Sasa kinachoniuma ni hiki, saa kumi na mbili asubuhi ndo naona SMS ya kawaida ya jirani yao, iliingia saa tisa: "wazee wako tumewapandisha shuleni, wazima". Masaa matatu imekaa kwenye simu yangu mimi nahangaika na grupu!! Hivi nyie mmejipangaje?

fundi_mnara
Pole sana dada. Simu ya kuongea inashika njia yake muda wote mnaoongea, na mnara una njia za kuhesabu, mji mzima ukipiga kwa pamoja wengi mtaambulia mlio wa "tuu tuu". SMS ni kitu kidogo, ikikosa nafasi au simu ya mtu ikiwa imezimwa mtandao unaishikilia unajaribu tena baadae. Ndo maana ya jirani ilipita. Na umeme ukikatika mnara unaishi kwa betri na jenereta, sio milele. Usiku wa hivyo zima video zisijipakue zenyewe, zinamaliza bando na chaji bure.

chalii_wa_kijenge
Oya mi silaumu grupu moja kwa moja. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliposhuka kutoka mlima Hanang likaingia Katesh, broo wangu alikuwa kule na sikumpata siku nzima. Kuna jamaa akafungua grupu akaweka sheria moja tu, andika jina la uliyemuona kwa macho yako na umemuona wapi, basi. Maswali yote inboksi. Usiku nikaona jina la broo, yupo kwenye shule moja walikohifadhiwa watu. Wengine hawakuona majina ya watu wao, ile siku ilichukua roho nyingi, zaidi ya 80. Ila michango nayo ilikuja na matapeli wao, namba za kutuma hela zinazunguka hujui ya nani. Mi nilimtumia broo mwenyewe.

babu_kibosho
Mnasema grupu grupu, sisi wa kitochi je? Mimi huyo WhatsApp simjui. Mjukuu akinitumia neno "mzima?" namjibu "mzima" nalala.

chalii_wa_kijenge
Shikamoo babu 😂 wewe ndo umejipanga kuliko sisi wote

neema_sakina
Babu kasema kweli jamani. Haiti tetemeko la Januari 2010 watu walikuwa wanatuma SMS bure za kuomba msaada kwenda namba 4636, wanaandika Kikreoli chao, Wahaiti walioko nje ya nchi ndo wanatafsiri, zinawekwa kwenye ramani ya Ushahidi, ile programu iliyozaliwa hapo Kenya 2008. Kwa hiyo kazi kubwa walifanya watu wa mbali, wenye umeme na akili imetulia. Mama D chagueni mtu mmoja wa mbali, walioko kwenye mvua wamtumie SMS yeye peke yake, nyie wengine mumuulize huyo. Mkipiga wote kwa mzee mnammalizia chaji akiwa juu ya meza na maji yako magotini.

mamaD_pasua
Hilo la chaji sikuliwaza kabisa, baba nimempigia mara 31 😭 nimehesabu. Dada yangu yuko Dodoma, tumemchagua yeye. Namba yake nimeiandika kwa makapeni mlangoni kwa mama, na jirani nimempelekea sukari. Shangazi wa Dar kanuna anasema kwa nini sio yeye.

babu_kibosho
Shangazi apewe kazi ya kununa, ataiweza.