Texas: tupandishe kodi ya jengo senti 5 kwa ajili ya shule?

MlimaMeru: Wakuu, Novemba wilaya yetu ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za hapa, inatuomba kura ya kuongeza senti 5 kwa kila dola 100 ya thamani ya nyumba. Hela ni za mishahara ya walimu. Nyumba yangu imethaminiwa 300,000. Ukitoa ule msamaha wa 140,000 wa nyumba unayoishi mwenyewe, inabaki 160,000, kwa hiyo naongeza dola 80 kwa mwaka. Napiga NDIYO. Mwanangu wa darasa la nne kabadilishiwa mwalimu mara mbili kabla ya Krismasi. Wote wamekimbilia wilaya jirani inayolipa vizuri. Nyie mnasemaje?

FundiBomba: HAPANA kubwa. Ule uwanja wenye skrini kama ya sinema walijengea hela gani? Wabane matumizi kwanza. Halafu wanaopiga NDIYO wengi ni wapangaji. Hulipi kodi ya jengo, unaniamulia mimi nilipe. Haki iko wapi?

MzeeWaHouston: Fundi, uwanja ni hela ya bondi, yaani mkopo wa ujenzi, ina kiwango chake cha kodi peke yake na kisheria haigusi mishahara. Hii senti 5 ni ya uendeshaji. Usichanganye mafungu.

BintiPangani: Mimi naishi nyumba ya kupanga na hilo neno limenichoma. Kaka Fundi, unadhani mwenye nyumba wangu analipa kodi kwa kunihurumia? Mwezi wa nane kanipandishia pango dola 75, na barua inasema wazi: kodi na bima. Nyumba yenyewe ina thamani hiyo hiyo ya 300,000, lakini yeye haishi humu, hana msamaha. Senti 5 hapa ni dola 150, siyo 80. Na itarudi kwangu.

FundiBomba: Hiyo ni biashara kati yako na mwenye nyumba. Bili ya kodi ina jina la nani?

BintiPangani: Si ulisema humu una nyumba Mbagala, Dar es Salaam, umepangisha? Wapangaji wako wakinunua umeme wa LUKU, kodi ya jengo LAKO wanakatwa wao. Umeshawahi kuwarudishia?

Kisauni254: Heh! Dada amemfikisha pabaya. Hiyo ya LUKU ni ngapi kwani, elfu moja kwa mwezi?

MzeeWaHouston: Ilianza shilingi 1,000 mwaka 2021, sasa 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Na mpangaji anatakiwa arudishiwe au akatwe kwenye pango.

FundiBomba: Mzee, na wewe umeshapita 65, kodi yako ya shule imegandishwa, hii senti 5 haikugusi. Basi usipige kura!

MzeeWaHouston: Nimelipia shule za hapa nikiwa sina mtoto hata mmoja darasani. Heshima kidogo, kijana.

MlimaMeru: Jamani turudi kwenye hoja. Wazazi wa Edgewood, wilaya ya shule maskini kule San Antonio, walijitoza dola 1.05 kwa kila 100, kiwango cha juu kuliko majirani wote, wakaambulia dola 26 kwa mwanafunzi, kwa sababu nyumba zao zilikuwa za thamani ndogo. Majirani zao matajiri wa Alamo Heights walijitoza senti 85 wakapata 333. Wazazi wa Edgewood wakaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, wakashindwa kura 5 kwa 4 mwaka 1973. Kwa hiyo swali langu ni thamani ya nyumba, siyo nani...

Kisauni254: Lakini si ndiyo maana kuna Robin Hood? Jimbo linachukua hela ya wilaya tajiri na kuwapa maskini tangu 1993.

FundiBomba: Binti, ya Mbagala usiiingize hapa. Wapangaji wangu sijawapandishia pango hata shilingi, waulize.

BintiPangani: Sijauliza pango. Nimeuliza 1,500 ya kila mwezi.

FundiBomba: Nitazungumza nao mwenyewe. Senti 5 bado HAPANA.

BintiPangani: Nami bado NDIYO. Nina uraia, nimejiandikisha, tutakutana kituoni.