Farasi anamaliza nyasi mapema, nimtengenezee nini?

mfuga_naivasha: Habari zenu wadau. Farasi wangu akiwekewa nyasi kavu ya boma rhodes jioni anaimaliza chapchap halafu usiku mzima anatafuna mbao za banda. Neti ya goli la mpira itafaa kumfanya ale polepole?

baba_shombe: Ya goli hapana kaka, mashimo makubwa mno, kwato inapita. Tafuta ya kamba nene, mashimo ya sentimita 4 hivi. Na kama amepigwa viatu vya chuma usiitundike chini, kiatu kikinasa usiku anaweza kuvunjika mguu, funga juu maana nyasi ikiisha neti inaning'inia chini.

mamake_Tumaini: Mimi napenda sanduku la mbao, neti unailaza juu ya nyasi na kuifunga kwa fremu, anakula kichwa chini kama yuko malishoni na vumbi haliingii puani sana. Pipa la plastiki pia sawa bora halikubeba dawa. Lakini tafadhali usimpunguzie chakula, wa kilo 400 anataka nyasi kavu kilo 6 mpaka 8 kwa siku, tumbo lake linatoa asidi muda wote, likikaa tupu anapata vidonda.

mfuga_naivasha: Asanteni sana, kesho namwita fundi wa sanduku.