Kwizi: Wewe ni Mtunzi Gani wa Muziki wa Urusi?

Zuhura: Jamani, ile kwizi niliyotuma jana, wangapi mmeifanya? Mimi nimeangukia Tchaikovsky 🥰 Wanasema "moyo laini, mapenzi ya dhati, machozi hayako mbali"

Kibwana: Hayako mbali 😂😂

Tatu: Shoga, hilo hata bila kwizi tunalijua. Wewe si ulilia kwa tangazo la sabuni

Zuhura: Lile la bibi na mjukuu? Mwenye roho yoyote alilia. Leteni yenu

Kibwana: Mimi wamenipa Borodin. Ndiye nani huyo? Nilitaka angalau mtu ambaye nikimtaja watu wanashtuka

Mwalimu Hashil: Kibwana, usimdharau. Borodin alikuwa mkemia. Alisomea udaktari, akawa profesa wa kemia kwenye chuo cha tiba na upasuaji cha St Petersburg, na mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa walioanzisha masomo ya udaktari kwa wanawake. Muziki aliufanya akipata nafasi, na nafasi yenyewe aliipata akiumwa, kwa sababu hapo hawezi kwenda maabara. Aliandika mwenyewe kwamba rafiki zake wanamuziki hawamtakii afya njema, wanamwombea augue

Kibwana: Marafiki hao!

Tatu: Na wewe unaugua lini tupate ile albamu ya picha za harusi?

Kibwana: Inakuja

Mwalimu Hashil: Opera yake, yaani mchezo wa kuimbwa, Prince Igor, aliianza 1869. Alikufa ghafla 1887, katikati ya dansi, kavaa nguo za kitamaduni za Kirusi. Opera haijaisha

Tatu: Miaka 18!!!

Zuhura: Hii kwizi ina macho

Kibwana: Akaimalizia nani?

Mwalimu Hashil: Mtunzi mwenzake Rimsky-Korsakov, akishirikiana na mtunzi mwingine, Glazunov. Ikapanda jukwaani 1890

Tatu: 😳 Subirini

Tatu: Mimi ndiye Rimsky-Korsakov. Naapa. "Mpangaji, mwenye nidhamu, unamaliza ulichoanza na walichoacha wenzako"

Kibwana: Basi dada yangu, albamu nakukabidhi

Tatu: Thubutu

Mwalimu Hashil: Tatu, huyo wako ana kisa kitamu. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini, meli ikampeleka mpaka New York na Rio de Janeiro. Mwaka 1871 wakamwita awe profesa kwenye konsavatori, yaani chuo cha muziki, ya St Petersburg. Ana miaka 27, keshatunga kazi kadhaa za okestra, lakini nadharia ya muziki hajui. Akaikubali kazi, halafu akawa anajifundisha kimyakimya, hatua moja mbele ya wanafunzi wake. Kwenye kumbukumbu zake anasema akatokea kuwa mmoja wa wanafunzi bora wa konsavatori, pengine bora kuliko wote

Zuhura: Huyo ni Tatu mwaka ule alipojifanya anajua kushona magauni ya wasimamizi

Tatu: Na yalitoka vizuri au hayakutoka?

Zuhura: Yalitoka 🙌

Mwalimu Hashil: Ila ana lawama moja. Rafiki yake mtunzi Mussorgsky alipofariki 1881, Rimsky-Korsakov alizichukua kazi zake akazipanga. Opera ya Khovanshchina ilikuwa haijaisha, hapo alimsaidia kweli. Lakini Boris Godunov ilikuwa imeisha, imechezwa tangu 1874, watu wameiona. Yeye akaipitia tena, akabadilisha vipatanisho vya sauti alivyoona vya makosa, akalainisha palipokwaruza. Toleo lake ndilo lililozunguka dunia miaka mingi. Siku hizi majumba mengi ya opera yamerudi kwenye maandishi ya Mussorgsky mwenyewe

Tatu: Sasa kosa lake liko wapi? Bila yeye huenda isingechezwa huko nje

Mama Nassor: Kosa lipo, mwanangu. Kitu cha mtu kimeisha, kiache. Hata humu ndani mimi nikituma ujumbe wewe unakuja nyuma kunisahihisha

Tatu: Mama Nassor, shikamoo. Ni zile tarehe tu

Mama Nassor: Marahaba. Tarehe sawa. Lakini juzi umenibadilishia hata salamu

Kibwana: Hapo Mama kasema 😂

Mwalimu Hashil: Mimi niko na Mama. Ule ukwaruzo ndio uliokuwa Mussorgsky. Alitaka mtu aimbe kama anavyoongea, na mtu akiongea kwa hofu haongei kwa mpangilio. Ukipiga pasi pale umeondoa mtu

Tatu: Sawa, lakini rafiki yako kafa, karatasi zimetapakaa, hakuna mwingine wa kuzishika. Ungeziacha zioze kwa heshima? Mimi ningefanya vilevile na lawama nazipokea

Zuhura: Kweli nayo hiyo

Zuhura: Mama Nassor, wewe umepata nani?

Mama Nassor: Huyu wa sh sh. Shostakovich. Wameniandikia "mtulivu, msiri, unacheka mdomoni tu". Mimi nina siri gani? Nani kanisema?

Kibwana: Mama, ni kompyuta tu hiyo

Mwalimu Hashil: Usiri wake ulikuwa na sababu, dada. Januari 1936 Stalin alikwenda kuona opera yake ya Lady Macbeth. Siku mbili baadaye Pravda, gazeti la chama tawala, likaitandika opera hiyo, bila jina la mwandishi, kwamba ni vurugu si muziki. Wakati ule, gazeti hilo kukusema vile, usiku hulali. Mwaka uleule akaizuia simfoni yake ya nne, muziki mrefu wa okestra, ikiwa tayari kwenye mazoezi, haikusikika mpaka 1961. Nani asingecheka mdomoni tu?

Mama Nassor: Maskini. Miaka 25 kitu kiko kabatini

Mwalimu Hashil: Na alikuwa mwendawazimu wa mpira. Shabiki wa Zenit Leningrad, ana madaftari anaandika matokeo ya mechi

Mama Nassor: Eeh! Sasa hapo nimekubali. Ndiye mimi

Zuhura: 😂😂😂 Matokeo ya msimu mzima yako kichwani mwake huyo Mama

Saidi: Maswali yenyewe mabovu. Eti "unapenda rangi gani". Rangi na muziki wapi na wapi

Kibwana: Looo, Saidi yupo! Unatusoma tu kumbe

Mwalimu Hashil: Mwulize Scriabin. Kwake kila sauti ilikuwa na rangi yake. Prometheus ya mwaka 1910 ina sehemu ya taa za rangi, imeandikwa kwenye noti kama ala nyingine

Saidi: Bado mabovu. Na majibu yote ni sifa tupu. Hakuna aliyeambiwa mvivu

Tatu: Saidi umepata nani?

Saidi: Sijafanya. Sifanyi

Mwalimu Hashil: Basi huyu ni César Cui, kwizi au hakuna kwizi. Mwanajeshi mtaalamu wa ngome, alifika cheo cha jenerali, mtunzi pia, ila kalamu yake ya uhakiki ndiyo iliyoogopwa. Mwaka 1897 simfoni ya kwanza ya Rachmaninoff ilipigwa vibaya, kijana ana miaka 23, Cui akaandika kwamba wakazi wa jehanamu wataifurahia

Zuhura: Saidi!!! Mtoto wa watu!

Saidi: Mimi nimefanya nini tena

Zuhura: Ikawaje?

Mwalimu Hashil: Karibu miaka mitatu hakuweza kutunga kitu cha maana. Mwaka 1900 akaenda kwa Dakta Nikolai Dahl, aliyekuwa anatibu kwa hipnosisi, yaani kumlaza mtu usingizi kwa maneno. Akaamka na konserto ya pili ya piano, yaani piano ikipigwa pamoja na okestra, akamtunukia daktari

Tatu: Na Zuhura wetu, Tchaikovsky wake vipi? Au ni machozi tu?

Mwalimu Hashil: Alikuwa na mfadhili, Nadezhda von Meck, mjane tajiri, rubo 6,000 kwa mwaka. Sharti, wasionane. Barua zaidi ya 1,000. Mwaka 1879 magari yao ya farasi yalikutana njiani kwa bahati tu. Akavua kofia, kila mtu akashika njia yake

Kibwana: Halafu wakarudi nyumbani kuandikiana 😂

Zuhura: Ndiyo mapenzi hayo, nyinyi hamjui

Mama Nassor: Hiyo hela je, ilifika kila mwaka?

Mwalimu Hashil: Mpaka 1890, akakata yeye mwenyewe. Tchaikovsky ilimuuma sana

Mama Nassor: Hela au barua?

Mwalimu Hashil: Barua zaidi

Saidi: Nimeifungua hiyo konserto ya Rachmaninoff. Mwanzoni piano iko peke yake inagonga kama kengele, kila pigo linazidi nguvu, halafu wengine wanaingia

Tatu: Umeipenda?

Saidi: Wamechelewa kuingia

Kibwana: Jenerali kasema

Mama Nassor: Ni ya dakika ngapi? Nina nguo za kupiga pasi

Mwalimu Hashil: Kama 35

Mama Nassor: Inatosha. Tuma