Imani ndani ya geti: tuanzie wapi?

Mkazi wa Raskazone: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Huku Raskazone, Tanga, geti limefungwa, maji yapo, gari lipo, na ibada ni Jumapili tu. Imani hai inaonekanaje Jumatatu hadi Jumamosi? Naomba hatua, si maneno ya jumla.

Mama Jumuiya: Amina. Anza na dada wa kazi na mlinzi: mshahara tarehe ileile, mkataba wa maandishi, siku ya mapumziko kila wiki. Yakobo 5:4 inataja ujira uliozuiliwa. Wengi huanguka hapo: sadaka nono kanisani, dada anadai miezi miwili.

Mzee wa Chuda: Fedha itengwe siku ya mshahara, kabla ya matumizi. Mwenye 800,000 atoe zaka 80,000, kisha 20,000 za jirani mwenye shida. Ukingoja masalio, hayabaki. Ukienda kumwona mgonjwa hospitali ya Bombo, uliza kwanza: wa kisukari usimpelekee soda wala juisi. Sabuni na nauli ya anayemuuguza hufaa zaidi. Na usipige picha, tafadhali!

Katekista: Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya nayo, yaani waumini majirani wanaosali pamoja, izunguke nyumba kwa nyumba. Mkikutana kwenye sebule zenye makochi tu, wa mtaa wa kawaida kama Makorora atajiona mgeni. Kubalianeni chai kavu kila nyumba, asiye nacho asikope ili aandae. Kwaresima, thamani ya mlo mliofunga iwekwe pembeni siku hiyohiyo kwa ajili ya maskini. Vinginevyo mmebana matumizi tu.