Naomba ushauri: sera ya ulinzi wa mtoto ipo kwenye droo, mtoto kaongea na mpishi

Dada Mratibu

Habari za jioni wakuu. Nipo kwenye kituo kidogo Kanda ya Ziwa, Tanzania. Watoto kama sitini wanakuja wakitoka shule, wanapewa uji na kusaidiwa masomo. Upande wa pili tuna darasa la cherehani la vijana wenye ulemavu, wa miaka 18 na kuendelea, wengi wao viziwi. Wafanyakazi tuko tisa, wa kujitolea wanaingia na kutoka.

Mfadhili kaandika kwamba kabla ya awamu ijayo tuonyeshe tulivyoboresha ulinzi wa watoto na wa watu wazima walio hatarini. Sera tunayo. Kurasa 34 za Kiingereza, tuliinakili kutoka shirika jingine, na ukurasa wa 11 bado una jina la shirika hilo. Tulisaini wote siku moja, kati ya chai na mandazi. Inasema malalamiko yote yaende kwa mhusika wa ulinzi. Mhusika mwenyewe ni shemeji wa mkurugenzi, anakuja Alhamisi tu.

Sanduku la maoni nalo lipo, limepigiliwa mlangoni kwa mkurugenzi. Wiki iliyopita niliomba ufunguo nikalifungua: ganda la pipi, risiti ya mkaa, na kiota cha nyigu.

Sasa kinachoninyima usingizi. Binti wa miaka 12 kamwambia mpishi wetu, wakiwa wanachambua maharage, kwamba kijana anayejitolea kufundisha hesabu humtumia meseji usiku kwenye simu ya mama yake, kisha humwambia azifute. Mpishi akamfikishia mkurugenzi. Mkurugenzi kamwita kijana, kamsema, kamwambia apumzike kidogo. Sisi tukaambiwa yaishe hapa hapa, tusiharibu jina la kituo.

Niandikeje sera mpya itakayofanya kazi?

Fundi Bomba

Dada, umeanza na mfadhili, mtoto ukamweka mwisho. Sikulaumu, ila shida yenu yote iko hapo.

Ustawi Mstaafu

Mwanangu, sera iache kwa leo. Kesho asubuhi nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto hapo polisi. Ukikwama piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inampa wajibu mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali za mitaa. Yeyote. Haijasema apitie kwanza kwa mkurugenzi, na haijasema asubiri mpaka awe na uhakika. Kupeleleza si kazi yenu.

Binti msimwite ofisini kumhoji. Nimekaa na kesi hizi miaka mingi: mtoto kahojiwa na mwalimu, akaja mkuu, akaja shangazi, akaja mjumbe, akifika polisi maelezo yameshapinda mara tano na wakili anayachana mbele ya hakimu. Mpishi ndiye aliyesikia, basi mpishi aandike: tarehe, saa, walikuwa wapi, na maneno ya mtoto kama yalivyotoka. Kama binti alisema "ananisumbua", iandikwe "ananisumbua". Asiweke neno la kisheria ambalo mtoto hakulitamka. Na mama yake aambiwe simu asiiguse, meseji zilizobaki zisifutwe.

Ikija kuonekana kuna jambo limefanyika mwilini, hospitali ndiyo ya kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina kikomo cha saa 72, na saa hazisubiri kikao chenu. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi mahali pamoja, mtoto haelezi kila dirisha.

Mzee Kigoda

Naendesha kituo mwaka wa kumi na mbili sasa. Mnashauri haraka sana. Kijana wa watu akisingiziwa je? Meseji zenyewe pengine ni za hesabu. Ukishaita polisi, wazazi wanaondoa watoto na kituo kinakufa. Mkurugenzi wake hajakosea sana.

Ustawi Mstaafu

Mzee mwenzangu, meseji za hesabu hazifutwi. Lakini tuseme kweli kasingiziwa. Kitakachomsafisha ni nini, uchunguzi wa wanaohusika au mkurugenzi kumwambia "apumzike"? Kusimamishwa wakati suala linaangaliwa si hukumu. Kupumzishwa kimya kimya ni kumkabidhi kwa kituo kingine ambacho hakijui lolote. Huyo kijana Jumatatu ijayo atakuwa anafundisha hesabu mahali fulani. Pengine kwako.

Karani wa Thika

Nachangia kutoka Kenya, ambako 116 pia ni namba ya watoto. Huyo kijana aliingiaje kwenu? Kwetu tulikuwa tunadai cheti cha tabia njema tu, tukidhani tumemaliza. Kumbe cheti kinakuonyesha aliyekwisha kupatikana na hatia, na wengi hawajawahi kushtakiwa. Kilichotusaidia zaidi ni kupiga simu kwa wadhamini wawili (kupiga, si kusoma barua alizoleta mwenyewe mkononi) na kuuliza swali moja: ungemrudisha akae na watoto? Kuna mama alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika. Hatukumchukua.

Wazungu wa kujitolea nao wachujwe. Anayetoka Uingereza mnaweza kumdai cheti cha ulinzi wa mtoto kinachotolewa na ACRO, ofisi ya polisi ya huko inayotunza kumbukumbu za uhalifu, kwa wanaokwenda kufanya kazi na watoto nje. Kuwa mgeni aliyeleta madaftari si kibali cha kumpakata kila mtoto na kumpiga picha.

Na usimchukie mfadhili. Tangu kashfa ya ngono ya wafanyakazi wa shirika la misaada la Oxfam kule Haiti ilipofumuka mwaka 2018, wengi wao wanabanwa na serikali zao. Mwandikie mlipokosea. Nimeona waliosema ukweli wakipewa muda, na walioleta sera ya kunakili wakirudishiwa.

Ishara Mbili

Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Wote mmejibu kuhusu watoto, darasa la cherehani mmelipita.

Kiziwi wa miaka 24 si mtoto. Msimwite "mtoto wetu", na msikimbilie kuripoti juu ya kichwa chake bila kumuuliza anataka nini. Ni mtu mzima, mengi ni uamuzi wake, isipokuwa pale hatari ni kubwa au kuna wengine watakaoumia. Lakini muulizeni kwa mdomo wa nani? Niliwahi kuitwa kwenye kituo fulani, dada mmoja alikuwa na malalamiko ya miezi saba. Mkalimani pekee wa pale ndiye aliyekuwa analalamikiwa. Kila alipojaribu kusema, huyo huyo ndiye aliyetafsiri: "anasema anaumwa kichwa." Tafuteni mkalimani wa nje, CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, wanaweza kuwaelekeza. Na asiyejua kuandika, sanduku lenu atatumbukiza nini humo?

Dada Mratibu

Hilo la mkalimani limenikaa kooni. Wetu ni mmoja.

Bint Mwalimu

Dada, kabla ya kuandika chochote waulize watoto. Sisi tuliwapa karatasi wachore ramani ya shule, kisha punje za maharage waweke wanapoogopa. Walimu tulitarajia barabarani. Maharage yakajaa nyuma ya choo cha wavulana na mlangoni mwa stoo. Tukakata uzio wa michongoma, stoo ikafungwa. Halafu tukawaomba wamtaje mtu ambaye wangemwambia jambo baya. Kwetu walimtaja mlinzi, mwalimu wa nidhamu alipata sifuri.

Dada Mratibu

MREJESHO, siku ya tisa. Nilienda ustawi na mpishi. Afisa alitupokea vizuri, mama wa binti kaleta simu, suala liko dawatini na zaidi ya hapo siandiki humu. Mkurugenzi hajanisemesha tangu Jumanne, ila bodi ilikaa bila yeye na kijana kasimamishwa kwa barua.

Ramani tumechora. Kwetu maharage yalirundikana pale watoto wanaposubiri bodaboda jioni, jambo ambalo hakuna sera iliyolitaja. Walipoulizwa wangemwambia nani, zaidi ya nusu walisema mpishi. Shemeji, hawajui hata jina lake. Kwa hiyo wahusika wa ulinzi sasa ni wawili, mpishi na mimi, na namba ya afisa ustawi pamoja na 116 zimebandikwa jikoni, usawa wa macho ya mtoto. Mpishi aliuliza kama atatolewa jikoni apewe ofisi. Bodi ilitaka hivyo. Nimekataa.

Mkalimani wa nje atakuja mara mbili kwa mwezi, nauli bado tunaitafuta. Sanduku nimeling'oa.

Fundi Bomba

Na mfadhili?

Dada Mratibu

Nimemtumia sera mpya, kurasa mbili za Kiswahili, na barua ya kueleza ile ya zamani tuliipataje. Kajibu leo. Anaomba tafsiri.